Birika la Mama Kulwa

Fundi wa majeneza alitoka Kanyenye na baiskeli yake, futikamba mfukoni, akasimama mlangoni pa chumba alimolazwa mdogo wangu Doto. Akavua kofia, akamtazama marehemu juu mpaka chini. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kutukana:

"Dada, samahani. Huyu nimpime hivi alivyo, au nimpime kama angenyooka?"

Nilikuwa nimeinamia sanduku la Doto nikitafuta shati jeupe la kumvisha, na chini ya mashati mkono wangu ulikuwa umegusa birika. Birika la bati la bluu, rangi imebanduka mdomoni, mkono umefungwa waya. Nikaingiza kidole ndani. Gamba jeupe lile lile likanikwaruza ukucha. Nikanusa: chuma, moshi wa kuni, na kitu kama chaki iliyolowa. Nikakaa sakafuni palepale. Wanawake wakanishika mabega wakidhani nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa na hasira, na hasira hiyo nataka kuieleza kwenu nyinyi mliokuwa na kimo changu wakati ule, maana wajukuu zetu wakiona meno ya watu wa kwetu wanacheka tu.

Kabla ya kijiji tulikuwa na mji wetu wenyewe kando ya njia ya zamani, ile waliyopita wapagazi wakienda na kurudi pwani. Babu alituonyesha mahali walipokuwa wakitua mizigo. Walitua hapo kwa sababu ya kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ulichota kwa kata, ukapuliza takataka pembeni, ukanywa. Tulikunywa pamoja na vyura, ukweli usemwe. Minyoo tulikuwa nayo na kichocho tulikuwa nacho, sitaki kumdanganya mtu kwamba palikuwa peponi. Lakini babu alikufa mzee kabisa, akitafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yake mwenyewe.

Ukaja mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Mnaukumbuka. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebeshwa kuku tu. Lori lilikuja asubuhi, vijana wenye sare wakapandisha vitanda, mitungi, mbuzi, na mama yangu mwenye mimba kubwa. Wakaezua paa ili tusirudi. Kisha wakakifukia kisima. Kiongozi wao alipanda juu ya boneti akasema, "Ndugu wananchi, msihuzunike. Mnakwenda kwenye maji safi na salama." Baba akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akapanda lori.

Sisemi kila kitu cha huko kilikuwa kibaya. Shule niliipata huko. Kusoma na kuandika huku ninakoandika nako nilikupata huko, chini ya paa la bati nililolisombea mchanga kwa kichwa changu. Ndiyo maana hasira yangu hainipi raha, haikubali kukaa upande mmoja.

Na maji kweli yalikuwepo. Katikati ya kijiji kulikuwa na pampu ya mkono iliyosimikwa kwenye saruji, na ukisukuma yalitoka meupe pe. Mama aliyakinga kiganjani akatazama, akaona mistari ya kiganja chake chini ya maji. Akalia machozi. Hakuwahi kuona hivyo tangu azaliwe. Akaniambia, "Mwanangu, wewe utakuwa mtu."

Pacha walizaliwa hapo hapo kijijini, wote wanaume, Kulwa na Doto. Kuanzia siku ile jina langu likafutwa. Mama yangu, aliyekuwa akiitwa kwa jina langu, akawa Mama Kulwa kwa kijiji kizima. Nilinuna, lakini si sana, kwa sababu pacha ni baraka, na kwetu wana taratibu zao. Hawatengwi wala hawapewi tofauti. Ukimkatia huyu muhogo, unamkatia na mwenzake kipande kinacholingana, hata kama amelala. Ukimshonea huyu kaptura, unashona mbili. Ukipunja mmoja, wanasema, unamuudhi mwenzake na yeye ndiye atakayekuadhibu.

Bwana Afya alikuwa akija na baiskeli kutufundisha. Chimbeni vyoo, chemsheni maji. Wanawake wengi waliitikia "ndiyo ndugu" na kuni wakazihifadhi kwa ugali. Mama yangu alikuwa mtu wa kutii. Aliambiwa chemsha, akachemsha kupita aliyemwambia. Alinunua birika lile la bluu kwa ajili ya pacha peke yao, sisi wakubwa tukanywa ya mtungini. Lilikaa kwenye mafiga tangu alfajiri mpaka jua linachoma, likitokota. Yakipungua nusu alifurahi. "Uchafu wote umepanda na mvuke," alisema. Yaliyobaki ndiyo aliyoyaamini. Yakipoa aliyamimina kwenye vikombe viwili vinavyolingana.

Kulwa alipoanza tu kutembea alishikwa na kifaduro. Wakampeleka hospitali Tabora mjini, na alipopona daktari akasema asirudishwe haraka kwenye vumbi. Akabaki huko, mtaa wa Isevya, kwa shangazi, ambaye mume wake alifanya kazi relini na hawakuwa na mtoto. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukazaa mwingine. Shangazi alishampenda, na mama hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Lakini pacha hawapewi tofauti. Kwa hiyo kila asubuhi mama aliendelea kumimina vikombe viwili. Alikiinua kile cha Kulwa, akataja jina lake kuelekea mjini, kisha akampa Doto akinywe. "Kunywa na cha mwenzako, yeye atakuwa amekunywa." Na Doto, mtoto mtiifu kama mama yake, alikunywa vyote viwili.

Meno yalianza na mimi. Ya utoto yaling'oka, nikayatupa juu ya paa kama kila mtoto, na yaliyoota yalikuwa na mabaka kama chokaa. Kisha mabaka yakageuka rangi ya kutu. Darasa zima tulikuwa hivyo. Mwalimu wa zamu alikuwa ametoka mikoa ya mbali na meno yake meupe, na kila asubuhi mstarini alitupanua midomo kwa ncha ya fimbo. "Ukoga! Hamjui mswaki nyinyi? Wazazi wenu wamewalea porini." Tulichapwa, kisha tukapelekwa korongoni kusugua kwa mchanga na majivu mpaka ufizi ukatoa damu. Tulirudi darasani tukinuka damu na majivu, meno yakiwa vilevile ya kahawia. Sasa niambie, mtoto aliyesugua mpaka akavuja damu, akachapwa tena kesho yake kwa kutosugua, atamwamini nani maishani?

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Kazi ya kusafisha birika ilikuwa yangu, na ndani yake kila wiki kulikuwa na gamba jeupe ambalo nililibandua kwa kijiti. Nilijua ni nini. Ulikuwa weupe wa meno yetu. Maji yalikuwa yanatuibia weupe tunapokunywa na kwenda kuuficha ndani ya birika. Nilimwambia mama. Akacheka mpaka akashika kiuno. Nilifikia hata kusaga lile gamba na kujipaka mdomoni niurudishe. Nacheka nikikumbuka. Mtoto mjinga wa kijijini aliangalia maji. Watu wazima wenye vyeo waliangalia kila kitu isipokuwa maji.

Kwa Doto hayakuwa meno tu. Alipofika umri wa kukimbia na wenzake, magoti yake yakaanza kugongana. Miguu ikapinda kuanzia magotini, vifundo vikaenda mbali na mbali, na usiku alilia mifupa inauma. Walikuwapo watoto wengine kijijini waliopinda, lakini si kama yeye. Mama alimbeba mpaka zahanati. Nilikuwepo nimeshika kanga yake. Nesi hakumgusa mtoto, alimtazama mama.

"Unamlisha nini huyu?"

"Uji, nesi. Ugali, mlenda, maharage nikipata."

"Dagaa hujui? Mayai mnauza, watoto mnawaacha wanapinda. Mnazaa tu."

Mama akasema ndiyo nesi, asante nesi. Tukarudi. Akauza kitenge chake cha kanisani, akanunua dagaa na mayai, akampa Doto. Na akaongeza kuni chini ya birika.

Upande wa baba nao walikuwa na lao. Tulikuwa Wamoraviani, Jumapili hatukosi, lakini mambo ya pacha hayana dhehebu. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja akakaa kwenye kigoda, akaamkiwa, akaitikia marahaba, kisha akasema bila kuzunguka: "Shemeji, umetenganisha pacha. Yule wa mjini anakula nguvu za huyu. Arudi, wanywe kikombe kimoja, waishi pamoja. La sivyo huyu utamzika." Mama akainamisha kichwa. Mwalimu alisema mchafu, nesi akasema mzembe, sasa shemeji anasema amemla mtoto wake mwenyewe. Mwanamke mmoja, na kila mlango anaogonga unafunguliwa apigwe nao usoni.

Kulwa akaletwa wakati wa mavuno. Shangazi alishuka naye kwenye lori la pamba, na nyumba nzima ikatoka kumpokea. Nitaiona siku hiyo mpaka naingia kaburini. Kulwa alisimama uani na viatu vya mjini, miguu imenyooka kama mchi, akatabasamu, meno meupe kama unga wa sembe. Doto akatoka ndani na fimbo yake, akiyumba. Sura ile ile, masikio yale yale, hata kovu la tetekuwanga mahali pamoja. Mmoja alimfikia mwenzake begani. Doto akamzunguka pacha wake akimwangalia miguu, akamuuliza, "Hii unanyooshaje?"

Baba mkubwa akasema mmeona wenyewe, akapanga kesho yake mchana kikombe kinywewe, na Kulwa asirudi tena Isevya.

Kesho hiyo hiyo pampu ilikuwa mbovu, na Bwana Maji akaja kutoka mjini na Landrova kuitengeneza. Kijana mpole, wa kusalimia watu, akamwamkia mama shikamoo. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Alifanya kazi mpaka shati likamganda mgongoni. Mama aliniambia nimpelekee maji, kisha akaona haitoshi, akabeba mwenyewe: maji ya birika, yaliyochemka, yaliyopoa, kwenye kikombe cha wageni. Kwetu mgeni akipewa maji, hata kama hana kiu, anagusa mdomo. Yule kijana akasema, "Ahsante mama, sina kiu." Akazunguka nyuma ya gari. Sisi tukaona miguu yake chini ya gari, tukasikia dumu likifunguliwa, tukasikia akimeza, akimeza.

Mama akazunguka akamkuta na dumu mdomoni.

"Mwanangu, maji yangu yana nini?"

Akafuta mdomo. Aliona haya, hilo nakubali. "Hayana kitu, mama. Yana madini kidogo tu. Wenyeji mmeshayazoea."

"Madini yanafanya nini?"

"Ni hayo ya meno. Na mifupa kidogo, kwa watoto." Akatazama chini. "Wakubwa wanajua. Lakini huku hakuna maji mengine, mama. Bora haya kuliko kiu."

Mimi nikafurahi. Madini kwangu yalikuwa almasi, na nilifikiri sasa tutatajirika. Nikamwangalia mama nifurahi naye. Hakuwa na uso ninaoujua.

Wakubwa wanajua. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema sisi. Huyu mgeni alikuja na maji yake kwenye dumu, kutoka bwawa la mjini, akatutengenezea pampu vizuri kabisa ili tuendelee kunywa ya kwetu.

Tulirudi nyumbani. Wazee wa ukoo wameshakaa, Kulwa na Doto wamekalishwa mkeka mmoja, goti kwa goti, moja limenyooka na moja limepinda. Baba mkubwa akaagiza kikombe kijazwe kutoka kwenye birika. Mama akakijaza. Akakibeba kwa mikono miwili, akapiga magoti kwa adabu mbele ya shemeji yake kama siku zote. Kisha akakimwaga chini, polepole, mpaka tone la mwisho. Udongo ukayanywa.

"Kulwa hanywi haya," akasema. "Na Doto hayanywi tena."

Baba mkubwa akamuuliza kama amerukwa na akili. Mama hakuinua sauti. "Nilikuwa nampa huyu vikombe viwili, shemeji. Chake na cha mwenzake. Mwenzake hakunywa hata kimoja. Watazameni."

Wakawatazama. Baba alikuwa wa kwanza kusimama. Akaenda kutafuta kamba ya kufungia mzigo.

Kulipopambazuka mama alimbeba Doto mgongoni, mtoto mkubwa wa shule, miguu yake iliyopinda ikining'inia, tukaifuata njia ya zamani kuelekea mjini, Kulwa na shangazi mbele. Hakuomba ruhusa ya kutoka kijijini. Katibu wa kijiji akamwandikia baba, aliyebaki nyuma, adhabu ya kulima shamba la kijiji, na mkutanoni mama akasemwa kuwa ni mpinzani wa maendeleo. Baba alisimama akataja maji. Akaambiwa akae, asirudishe watu nyuma. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Wenzangu waliobaki waliendelea kusukuma ile pampu, na wengine mpaka leo ukikutana nao sokoni wanacheka na kanga mdomoni.

Isevya haikumnyoosha Doto. Mfupa ukishapinda umepinda. Alijifunza ufundi wa redio, kazi ya kukaa, akawa fundi hasa, mtu wa utani na wateja, ila hakuoa. Wazazi wa msichana mmoja walimtazama akiingia uani mwao, wakasema tutawajibu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipopata jina la yale madini, floraidi, na nikasikia jambo ambalo mpaka leo linaniamsha usiku. Kulikuwa na kiwango cha madini hayo ambacho wakubwa walikubaliana. Wa vijijini waliruhusiwa kunywa mengi zaidi kuliko watu wengine wa dunia, kwa kuwa maji mengine hayakuwapo. Walikaa mezani, watu wenye watoto, wakaruhusu. Naelewa kiu ni nini, nimetoka nyikani. Lakini mtu angetuambia. Angesimama pale kwenye pampu na kusema, jamani, wadogo wapeni ya mvua, kingeni kwenye bati la shule. Bati lilikuwepo. Maneno hayo yangegharimu nini? Badala yake tulichapwa.

Na birika? Mama alilitumia Isevya miaka mingi, akachemshia ya bomba la mjini. Siku moja likapotea. Alilitafuta, akalaumu mtoto wa jirani, akanunua jingine. Sasa, nikiwa nimekaa sakafuni na birika mapajani, nikakumbuka ilikuwa wiki ipi. Redio iliyokuwa mezani kwa Doto ikitengenezwa ilikuwa na kipindi cha afya. Mtaalamu akasema madini hayo kuyachemsha hakuyatoi, maji yanapungua na yenyewe yanabaki, makali zaidi. Nilikuwa nimepita kuchukua nyanya, nikasikia. Doto alizima ile redio haraka, akanitazama, akasema, "Betri." Jioni yake mama akaanza kutafuta birika lake. Alikufa bila kujua kule kuchemsha kwake kulifanya nini, na Doto alilala juu ya siri hiyo kwenye sanduku lake mpaka na yeye akafa.

Fundi bado alikuwa mlangoni na futikamba yake. "Dada?"

Kulwa aliingia. Alikuwa ametoka kuchimba kaburi na wenzake, udongo mpaka kwenye viwiko. Fundi akalirudia swali lake kwa adabu. Kulwa hakumtazama. Akavua viatu, akajilaza mkekani kando ya kitanda cha ndugu yake, akanyoosha miguu.

"Nipime mimi," akasema. "Pacha hawapewi tofauti."

Fundi akampima. Jeneza likaja refu, na tulipomlaza Doto miguuni pakabaki nafasi. Birika sikuliweka humo. Ninalo hapa mezani, na gamba lake.

Kaburini mtani wetu Mgogo akatuzuia njia mpaka apewe kitu, kama ilivyo haki ya mtani msibani, yule ambaye babu zake waliwatoza babu zetu hongo ya maji njiani. Akajilaza mbele ya jeneza, akalipima kwa shubiri, akapiga kelele ili watu wacheke.

"Mnanidanganya nyinyi Wanyamwezi. Hili refu, mnamzika nani? Doto wangu mimi alikuwa mfupi."

"Huu ndio urefu wake," Kulwa akasema.

Mtani akamtazama Kulwa, kisha jeneza. Akainuka, akajipangusa mchanga, akatupisha. Hakudai chochote.